Mstari Mweupe Chini ya Picha ya Baba

Ilianza Jumanne, tarehe tisa Julai, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Muda naujua vizuri kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha daktari, nami nilikuwa naitazama hiyo ili nisimtazame yeye. Daktari alichomeka picha ya kifua cha baba kwenye boksi la taa, akawasha. Kisha akaweka kidole chini kabisa ya picha, kwenye mstari mweupe uliokata kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Maji," akasema. "Pande zote mbili."

"Maji gani, daktari?" baba akauliza.

"Kwenye mapafu, mzee. Yamejaa chini huku, na huku."

Baba akainamisha kichwa akatazama shati lake, lililofungwa vifungo vyote, kana kwamba angeona mahali linapolowa.

Daktari hakuficha. Maji yangekuwa upande mmoja tu, alisema, baba angelazwa hapo hapo, miezi miwili ya sindano, na tungeona. Lakini pande zote mbili, na kwa mtu aliyewahi kula vumbi la mgodi, hapo hawakuwa na uwezo. Angepelekwa hospitali ya kifua huko kaskazini, siku mbili za safari, akae mwaka mmoja au zaidi. Gari la hospitali lingeondoka kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi. Karatasi ya kumhamisha angeiandika jioni.

"Na wakienda huko wanarudi?" baba akauliza.

"Wengine," daktari akasema.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa kwenye daftari sina wa kumwonea aibu. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa baba. Kilikuwa waranti. Waranti yangu ya basi, hati ya kusafiria bila kulipa nauli, ya kurudi shule Iringa siku ya Jumamosi, nilikuwa nimeikunja mara nne nikaiweka katikati ya daftari. Niko kidato cha tatu. Nyumbani kwetu ni Uyole, tunalima viazi na pareto kidogo, na mama ana mtoto wa kunyonya na wengine watatu wanaomfuata. Baba akienda mwaka mzima, viazi atachimba nani? Nilijibu mwenyewe kabla sijamaliza kujiuliza. Baadaye ndiyo nikamkumbuka baba, aliyekuwa amekaa bega kwa bega na mimi.

Alipokuwa kijana alifanya kazi Makongolosi, miaka sita kwenye mashimo ya dhahabu. Alirudi na baiskeli na kikohozi. Baiskeli ilishakufa. Kikohozi kilikuwa kinakuja na kuondoka, lakini mwaka huu baridi ilipoingia mwezi wa tano kilikuja kikakaa. Nilipofika likizo nilimkuta anasimama katikati ya tuta, ameegemea mpini wa jembe, anatazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa. Mama akasema, "Wewe ndiye msomi, mpeleke." Ndiyo tukaenda hospitali ya misheni. Jina lake siliandiki, maana walioko pale si watu wabaya.

Kuna jambo jingine. Kwetu binti akishakua hakai mahali baba yake amevua shati. Akioga bombani unapita njia nyingine. Kwa hiyo mimi niliona mbavu za baba kabla ya kuona ngozi inayozifunika. Zilikuwa zinang'aa kwenye lile boksi, nyembamba, na moyo umekaa katikati umeegemea upande. Niliona haya hata kwa mifupa.

Tuliambiwa tusubiri kwenye benchi la ukumbini mpaka karatasi iandikwe. Ukungu ulikuwa haujaondoka madirishani. Pembeni yetu alikaa mama mmoja wa Usangu, amejifunika mablanketi mawili, aliyefuata habari za mume wake. Mume alikuwa amepelekwa na lile gari la kaskazini mwezi uliopita, na mpaka hapo alikuwa hajapata barua wala neno.

Mbele yetu, karibu na dirisha, kulikuwa na waya, na kwenye waya wamening'iniza picha za eksirei zikauke. Kila picha ilikuwa kwenye hanga yake ya chuma, imebanwa pembe nne, inadondosha maji kwenye debe; hanga za picha ndogo zilikuwa na shingo ndefu, zote zikifika chini sawa. Sikuwa na kingine cha kutazama. Mimi mtu akinitazama naangalia chini, na pale chini kulikuwa na debe, na juu ya debe picha. Nikaanza kuziandika: kifua. Kifua. Mkono wa mtoto. Kiuno. Kifundo cha mguu.

"Haka kabinti kanaandika tangu asubuhi," yule mama akasema. "Unatuandikia mashitaka?"

"Ndivyo alivyo huyu," baba akasema. "Mdomo wake ameuweka kwenye kalamu."

"Basi kalamu ikiisha wino atakuwa bubu!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha baba kikageuka kikohozi, akashika benchi kwa mikono miwili mpaka kikapita. Nikainamia daftari. Nilipoinua macho nilikuwa natazama kile kifundo cha mguu, na hapo ndipo nilipoona.

Chini ya picha ya mguu kulikuwa na mstari mweupe.

Upana wake kama vidole viwili, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mahali ambapo picha ilipaswa kuwa nyeusi tii, pamefifia kama majivu. Nikatazama kiuno: upo. Mkono wa mtoto: upo. Vifua vyote viwili: upo, mahali pale pale, kimo kile kile. Daktari anayetafuta mfupa uliovunjika anatazama mfupa, hatazami ukingo wa chini. Ila kwenye kifua, ukingo wa chini ndiko mapafu yanakoishia.

Mtu mwingine angesimama pale pale akagonga mlango wa daktari. Mimi nilikaa. Nilikaa mpaka saa tano kasoro, nikipanga maneno, nikiyapangua. Nilijiambia nikisema halafu niwe nimekosea, watasema mtoto wa shule anamfundisha daktari kazi. Nilijiambia baba atafedheheka. Haya yote ni uongo. Nilikuwa naogopa sauti yangu tu.

Mwishowe alitoka mpiga picha kukusanya zilizokauka. Watu wote walimwita Bwana Picha. Ni mtu wa Tanga, mnene kidogo, amevaa sweta mbili chini ya koti jeupe, na bado anatetemeka. Nilisimama, nikafungua daftari, nikamnyooshea ukurasa. Nilikuwa nimeandika sentensi moja tu. Yeye, badala ya kuisoma kimya, akaisoma kwa sauti ukumbi mzima usikie:

"Kwa nini hata mguu una maji kwenye mapafu?"

Benchi lote likaangua kicheko. Nilitamani sakafu inimeze.

"Nani kaandika haya? Wewe binti?"

Nikalionyesha daftari, kana kwamba limejiandika lenyewe.

Bwana Picha akatoa ile picha ya mguu kwenye waya huku bado anatabasamu, akaiinua dirishani. Kisha akainua ya kiuno. Kisha ya mkono. Tabasamu likaisha. "Hebu njoo huku," akasema kwa sauti ya chini. "Na mzee wako aje."

Kwanza alisema ni kioo cha boksi la taa. Akakifuta kwa mkono wa koti, akaweka picha: mstari upo. Akaigeuza picha, na mstari ukageuka nayo. Kumbe si kioo.

"Basi ni kisanduku cha filamu," akasema. "Kina vumbi, au kimebonyea." Akavitoa vyote, akavifungua, akavipanga mezani, vikubwa na vidogo. Vilikuwa visafi. Na mguu ulipigwa kwa kidogo, kifua kwa kikubwa. Visanduku viwili haviwezi kuugua ugonjwa mmoja.

"Labda mwanga unaingia mahali," baba akasema.

"Hapana, mzee wangu. Mwanga unachoma filamu, unaitia weusi. Hapa pamekuwa peupe. Hapa kazi haikumalizika."

"Basi dawa yenyewe imechoka."

"Dawa ikichoka inachoka yote. Haichoki miguu tu."

Aliangalia mashine, akapima kwa kamba kutoka kwenye taa yake mpaka ukutani, akapiga magoti akachungulia chini ya meza. Saa saba ikapita. Nilikuwa namwona anavyofanya kila kitu haraka zaidi kuliko mwanzo, na anavyokwepa kumtazama baba. Mwisho akafungua mlango wa chumba cha giza, akawasha taa, akatuambia tuingie.

Kulikuwa na harufu ya siki. Tangi la dawa ya kusafishia picha lilikuwa refu, lanifika kiunoni, na juu yake, limefungwa kwa waya, lilining'inia kopo la maziwa ya unga lililojaa maji ya moto. Kitako cha kopo kilizama kidogo tu ndani ya dawa.

"Hili la nini?" baba akauliza.

"Hilo ndilo jiko langu." Akacheka bila furaha. "Chuma cha kupashia dawa kiliungua mwezi wa tano. Kingine kimeagizwa, hakijafika. Dawa ikiwa baridi haifanyi kazi. Nami Tanga nimekaa miaka kumi, shida yetu kule ni joto, dawa inachemka yenyewe. Tukawa tunaning'iniza kopo la barafu namna hii hii. Ikapoa vizuri, picha safi. Nikasema, huku nigeuze tu: badala ya barafu, maji ya moto." Akachovya kipimajoto juu ya dawa, karibu na kopo, akanionyesha. "Digrii ishirini. Sawasawa na kitabu."

Nilikuwa natazama lile kopo nikaikumbuka bafu ya shule. Iringa asubuhi ya Juni tunaoga kwa ndoo, na maji ya moto ni kibuli kimoja kwa msichana mmoja. Ukimwaga juu usipokoroga, kata ya kwanza inakuunguza mabega na ya mwisho inakugandisha miguu. Kila msichana wa kidato cha kwanza hulia siku ya kwanza kwa kosa hilo. Mwalimu wa fizikia alikuja kutueleza baadaye kitu ambacho miguu yetu ilishakijua.

"Chini ni baridi," nikasema.

"Nini?"

Ilibidi niseme tena. "Maji ya moto yanakaa juu. Barafu ya Tanga ilikuwa juu, dawa iliyopoa inashuka yenyewe, inajichanganya. Haya ya moto hayashuki. Chini hapajapata joto."

Bwana Picha alitazama kopo, akatazama tangi. Alivua koti, akavua sweta moja, akakunja mkono wa ya pili, akauzamisha mkono kwenye tangi. Kiganja, kiwiko, mpaka karibu na kwapa. Akakaa hivyo kidogo. Niliona uso wake unavyobadilika.

"Lahaula," akasema.

Alipoutoa, mkono ulikuwa mwekundu vidoleni. Hakuufuta. Alikaa kwenye kigoda, dawa inamdondoka sakafuni.

"Tangu mwezi wa tano," akasema. "Tangu mwezi wa tano nasafisha picha za watu hivi."

Akaanza kuhesabu kwa vidole vya ule mkono mkavu, midomo inacheza bila sauti. Alipofika kidole cha nne akakunja ngumi, akaacha.

Baba ndiye aliyesema, kwa upole, kama anavyosema na ng'ombe aliyeogopa. "Sasa tunafanya nini, bwana?"

"Nikikoroga tu, daktari atasema nimebadilisha dawa, hatujui lipi ni lipi. Hapana." Akainuka. "Tutampiga mzee picha nyingine, na filamu nitaitundika kichwa chini. Dawa naiacha hivi hivi ilivyo. Mstari kama ni wa tangi, utakuja mabegani. Kama ni wa mzee, utamfuata mzee."

Filamu za kifua zilikuwa zimebaki tatu kwenye boksi. Alitoa moja.

Nilitolewa nje baba alipovua shati. Nilisimama ukumbini, na yule mama wa Usangu akasogea akanipa ncha ya blanketi lake. "Vipi, polisi?" akaniuliza. "Umemkamata nani?" Sikuweza kucheka. Nilikuwa naomba, na nilikuwa naomba vibaya, nikichanganya baba na waranti katika sala moja.

Saa tisa na nusu tuliitwa. Daktari alikuwa ameshafika, na karatasi ya kuhamisha ilikuwa mezani, imeandikwa, haijatiwa sahihi tu. Picha ilikuwa mbichi bado. Bwana Picha akaichomeka kwenye boksi, akawasha.

Mstari mweupe ulikuwa umepita shingoni na mabegani, umenyooka kama rula.

"Eeh!" baba akasema. "Sasa maji yamenifika shingoni?"

Bwana Picha alicheka kwa nguvu, akampiga baba begani, akanigeukia akasema, "Mwanangu, wewe!" Nami nilihisi moto unapanda mwilini, furaha tupu. Upande wa kulia wa kifua, chini kabisa ambako asubuhi kulikuwa na weupe, palikuwa peusi, pasafi, na ukingo wake umechongoka kama ncha ya jembe. Niliona basi la Jumamosi. Niliona dirisha lake.

Daktari hakucheka. Alikuwa amesogeza uso karibu na upande wa kushoto.

Pale palikuwa peupe bado. Weupe huu haukuwa umenyooka. Ulikuwa umepinda, unapanda kuelekea ubavuni, kama maji ndani ya kibuyu yanavyopanda ukingoni. Asubuhi mstari wa tangi ulikuwa umeufunika wote, tusiuone. Tulipouondoa mstari wa uongo, wa kweli ukabaki peke yake, na mtu yeyote angeuona, hata mimi.

"Kulia pasafi," daktari akasema. "Kushoto maji yapo, mzee. Haya si ya tangi."

Baba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei.

Daktari akaichukua ile karatasi ya kuhamisha, akaichana mara mbili. "Utalala hapa. Miezi miwili." Kisha akamgeukia Bwana Picha. "Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwezi wa tano, daktari. Chuma kilipoungua."

Daktari akavua miwani. "Nilikuwa natazama vifua tu," akasema, sijui kwa nani. "Niletee kitabu cha waliohamishwa. Na picha zao zote."

Mlango ulikuwa wazi. Yule mama wa Usangu alikuwa amesimama hapo, mablanketi yameanguka mabegani. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Na ya mume wangu?" akauliza. "Picha yake nayo ilikuwa na huo mstari?"

Daktari akasema, "Mama, ingia ukae." Alikuwa bado hajakaa tulipotoka. Mpaka leo najilaumu kwamba nilipita pembeni yake nikiangalia chini. Ni mimi niliyeandika ile sentensi, na ningeweza kumshika mkono.

Jioni ile walimtoboa baba ubavuni kwa sindano ndefu, wakatoa maji ya rangi ya chai ya rangi, chupa nzima na nyingine nusu. Aliporudishwa kitandani alikuwa anapumua vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia tangu nifike likizo, lakini mkono wa kushoto hakuweza kuuinua. Muuguzi akaniambia wagonjwa wanaogeshwa na kupikiwa na ndugu zao, hospitali inatoa kitanda na dawa tu. "Ndugu ni nani?" akauliza. Nikasema ni mimi.

Baba alisikia. Muuguzi alipoondoka akaniita. "Mama," akasema, ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake, "Jumamosi unapanda basi. Mimi nitaoga mwenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia, baba."

Asubuhi yake niliamka kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, saa kumi na mbili kamili, kwa sababu ya gari. Lilikuwa linaunguruma uani, linapashwa moto. Lilikaa hivyo muda mrefu. Daktari alitoka akazungumza na dereva dirishani, na mwisho injini ikazimwa. Halikwenda kokote siku ile.

Nikaenda kwenye majiko. Mkaa ulikuwa umelowa umande, haushiki, na karatasi nilizokuwa nazo ni za aina mbili: kurasa za daftari hili na waranti. Nilisimama kidogo. Kisha nikaikunjua waranti, nikaiweka chini ya mkaa, nikaiwasha kwanza kwenye ile pembe yenye mhuri. Ilishika vizuri. Maji yalipochemka nikayamimina kwenye beseni juu ya maji ya baridi, nikalibeba mpaka wodini, nikavuta pazia.

Baba alikuwa macho, amefunga vifungo vyote. Alilitazama beseni, akanitazama mimi, akageukia ukutani.

Nikakunja mkono wa sweta, nikazamisha mkono mpaka chini ya beseni, nikakoroga mpaka joto likawa moja. Halafu nikamwambia baba avue shati.